Chupa ya bakteria inaweza kuchukua nafasi ya DAP kwenye mahindi?

*"Habari mtaalamu. Nina ekari moja na nusu huku Njombe, udongo mwekundu, nalima mahindi. Msimu huu mahindi yakiwa madogo majani yaligeuka zambarau pembeni, bwana shamba akaniambia ni upungufu wa fosforasi. Nilivyoenda duka la pembejeo nikauziwa chupa ya lita moja ya bakteria, imeandikwa wanatoa vimeng'enya vinavyofungua fosforasi iliyokwama kwenye udongo, na muuzaji akasema nikitumia hiyo sina haja ya DAP tena. Mume wangu anasema bakteria ni ugonjwa tusiweke kwenye shamba la chakula. Naomba kujua, kweli bakteria anaweza kutoa kitu mwilini mwake kikafungua mbolea? Anakitoaje, na kwanini afanye hivo? Na nikichanganya na DAP humo humo kwenye shimo si ndo itakuwa bora zaidi?"*

Salama dada, na umefanya vizuri sana kuuliza kabla hujaimwaga hiyo chupa. Nakujibu kwa kifupi kwanza halafu ndo nieleze. Ni kweli, bakteria wanatoa vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi ya kukata vitu, nje ya mwili wao na vinachomoa fosforasi, hilo halina ubishi. Kwa anachoogopa shemeji, bakteria wa udongo kwa sehemu kubwa hawana shida. Ila kuacha DAP, hiyo mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kabisa kwa sababu ya chupa moja usifanye, na sababu yenyewe imo humo humo kwenye namna hao viumbe wanavyofanya kazi, ndo maana nataka uielewe mwenyewe ili msimu ujao mtu akija na maneno mengine uweze kumuuliza maswali.

Nianze na la shemeji. Hilo shamba lenu tayari limejaa bakteria, gramu moja tu ya udongo inabeba kama milioni mia moja mpaka bilioni moja, na mmekula mahindi yake miaka yote. Wengi wao kazi yao ni kuozesha mabua, kula samadi, kuishi kando ya mizizi. Ila ana haki ya kuuliza ni bakteria gani wamo kwenye chupa, maana lebo nzuri inataja jina la kiumbe, idadi yake kwa mililita, na tarehe ya kuisha muda. Chupa isiyotaja jina mi nisingeinunua, kwa sababu kwenye ukoo mmoja kama Pseudomonas wapo wa udongo wasio na neno na wapo wanaoshambulia vidonda vya wagonjwa hospitalini. Ukiitumia vaa glavu, usishike kama una kidonda mkononi, nawa, na usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji, watoto wakaikuta.

Sasa tuje kwenye fosforasi yenyewe. Hakuna kiumbe hai kinachoishi bila hiyo. Iko kwenye DNA, iko kwenye utando unaoizunguka kila seli, iko kwenye ATP ambayo ndo nguvu inayotumiwa na seli kufanya kila kitu. Mahindi yanaondoka nayo pia, kila tani ya punje unayotoa shambani inabeba karibu kilo 3. Na huko kwenu tatizo mara nyingi sio kwamba haipo kabisa. Ule wekundu wa udongo ni oksaidi za chuma, na pamoja na aluminiamu, hasa udongo ukiwa na asidi, zinaing'ang'ania fosfeti, yaani fosforasi ikiwa imeungana na oksijeni, kwa nguvu kiasi kwamba kwenye maji ya udongo, pale ambapo mzizi unaweza kunywa, inabaki kidogo mno. Hata hiyo kidogo haisafiri, fosfeti inasogea milimita chache tu msimu mzima, kwa hiyo mzizi usipoifuata wenyewe haitaufikia.

Kuna fosforasi ya namna mbili humo na hapa ndo maneno ya kwenye lebo yanapochanganya watu. Ya kwanza imeshikwa na madini, yaani chuma, aluminiamu, au kalsiamu. Ya pili iko ndani ya mabaki ya viumbe, majani yaliyooza, samadi, bakteria waliokufa, na sehemu yake kubwa ni kitu kinaitwa fitate ambacho mimea hukitumia kuhifadhi fosforasi kwenye mbegu. Kwenye udongo mwingi hii ya pili ni kuanzia theluthi moja mpaka zaidi ya nusu ya fosforasi yote. Vimeng'enya vinavyosemwa, fosfatesi na fitesi, vinafanya kazi kwenye hii ya pili TU. Kazi yao ni kukata pale fosfeti ilipoungana na mabaki ya kiumbe. Fosfeti iliyonata kwenye chuma haina kiungo cha namna hiyo, kwa hiyo fosfatesi hata uimwage ndoo nzima haina cha kukata. Hiyo iliyonata kwenye madini bakteria wanaishughulikia kwa njia nyingine, wanatoa asidi, mojawapo ni asidi ya glukoniki ambayo wanaitengeneza kutokana na sukari, na asidi sio protini wala sio kimeng'enya. Kwenye matangazo vyote vinawekwa kapu moja.

Umeuliza kwanini afanye hivo. Anafanya kwa sababu ana njaa, basi, mahindi yako wala hayamo kwenye hesabu zake. Na hii njaa yake imechunguzwa kwa muda mrefu, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwaka 1960 watafiti, mmoja wao mama mmoja anaitwa Annamaria Torriani, walionyesha kwamba bakteria E. coli akiwa na fosfeti ya kutosha anatengeneza fosfatesi kidogo sana, ukimnyima anaitengeneza kwa wingi mara mia na zaidi. Leo tunajua kwenye utando wake kuna protini inayohisi kiasi cha fosfeti kinachoingia, inaitwa PhoR. Fosfeti ikipungua PhoR inampa taarifa mwenzake PhoB, huyo anakwenda kukaa kwenye DNA na kuwasha jeni nyingi kwa mpigo, za kutengeneza fosfatesi, za kutengeneza pampu ya kuvutia fosfeti ndani, na nyinginezo. Bacillus, ambao ndo mara nyingi wanawekwa kwenye hizi chupa, wana mfumo unaofanana na huo. Na wao wana jambo moja ambalo mimi kila nikilifundisha naona wanafunzi wanatulia. Ukuta wa Bacillus kwa kawaida umejengwa na nyuzi zenye fosfeti nyingi, sasa njaa ikibana anaubomoa ukuta wake mwenyewe kidogo kidogo, anaichukua ile fosfeti, halafu anaujenga upya kwa nyuzi za aina nyingine zisizo na fosfeti kabisa. Kiumbe kinachofika huko hakina ziada ya kumgawia mtu.

Anakitoaje nje, hapo ndo pagumu na ndo pazuri. Protini inatengenezwa ndani ya seli na seli imezungukwa na utando wa mafuta ambao protini haiwezi kuupenya hivi hivi, na utando wenyewe haupaswi kutobolewa hovyo maana seli itavuja ife. Kwa hiyo protini inayotakiwa kwenda nje inatengenezwa ikiwa na kipande cha ziada mwanzoni, kama amino asidi (vipande vinavyojenga protini) 20 mpaka 30 hivi, ambacho ni alama ya kusema huyu wa nje. Jambo hili la protini kubeba alama ya safari yake ndani yake mwenyewe ndo lilimpatia Günter Blobel tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1999, yeye akifanya kazi zaidi na seli za wanyama, ila kanuni ni hiyo hiyo kwa bakteria. Ile alama ikisomwa, protini inapelekwa kwenye mlango mwembamba uliopo kwenye utando unaoitwa Sec, na kwa sababu tundu lake ni dogo protini haipiti ikiwa imejikunja, inapita ikiwa imenyooshwa kama uzi kwenye tundu la sindano, kuna mota inaitwa SecA inaisukuma kwa kutumia ATP. Ikifika upande wa pili mkasi unaikata ile alama, protini inajikunja kwenye umbo lake, inachukua madini yake, kwa fosfatesi ya E. coli ni zinki na magnesiamu, na ndo kwanza inaanza kazi. Kabla ya hapo ilikuwa uzi tu.

Kuna fosfatesi nyingine, mfano PhoX ambayo bakteria wengi wa udongo na baharini wanayo, hiyo inatumia chuma na kalsiamu, na haipiti Sec. Inapita mlango mwingine unaitwa Tat ambao unapitisha protini ikiwa imeshajikunja tayari. Na kwa bakteria wenye tando mbili kama Pseudomonas hapo bado safari haijaisha, protini ikivuka utando wa kwanza iko katikati tu, fosfatesi nyingi zinabaki hapo hapo kati ya tando mbili zikisubiri chakula kiingie, na zile zinazotakiwa zitoke kabisa nje zinahitaji mtambo mwingine wa kuzisukuma kupita utando wa pili. Zikifika nje zinakata, fosfeti inaachiwa, pampu zinaivuta ndani. Sehemu ya fosfeti inaponyoka, inachukuliwa na jirani, na jirani anaweza kuwa mzizi wa mahindi yako, ila pia anaweza kuwa bakteria mwingine ambaye hakutoa kimeng'enya chochote.

Ona sasa gharama ya hiyo kazi yote, amino asidi, ATP, milango, mitambo, na kitu chenyewe kikishatoka nje hana uhakika kama kitamrudishia faida. Ndo maana hakuna bakteria anayefanya hivi kwa kujifurahisha, jeni zinawashwa akiwa na njaa na zinazimwa akishiba.

Na hilo ndo jibu la swali lako la mwisho, la kuchanganya na DAP kwenye shimo moja. DAP ni 18:46:0, yaani asilimia 18 naitrojeni na 46 fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni yake, ndo maana mfuko wa kilo 50 una kama kilo 10 za fosforasi halisi na inayeyuka haraka. Ukimweka bakteria katikati ya hiyo, PhoR yake inaona fosfeti imejaa na kiwanda cha fosfatesi kinafungwa. Utakuwa umenunua vimeng'enya ambavyo umevizima mwenyewe, na juu ya hapo chumvi ya mbolea pale karibu na punje inaweza kuwaua wengi wao kabla hawajaamka. Nusu kwa nusu inasikika vizuri ila kibiolojia mmoja anamfunga mwenzake mikono.

Twende kwenye hesabu kidogo. Tuseme chupa yako ni nzuri kweli, bilioni moja kwa mililita, lita moja ina bakteria trilioni moja, na wote hao kwa pamoja wana uzito wa kama gramu moja. Udongo wa juu wa ekari moja, sentimita 20 kwenda chini, ni karibu tani elfu moja. Tukichukua hesabu ya chini kabisa ya milioni mia kwa gramu, wenyeji waliopo humo ni mara laki moja ya hao uliowaleta, na wenyeji wameshazoea asidi yenu, baridi yenu, na kila chakula kidogo kilichopo kina mtu wake. Wageni wengi wanakufa ndani ya wiki chache. Ukiwapaka kwenye mbegu wanakuwa na nafasi nzuri zaidi kwa sababu mzizi ukitoka unatoa sukari na wao wako pale pale, kwa hiyo sisemi ni bure kabisa, kuna mashamba yameonyesha ongezeko la mavuno na kuna mashamba hayakuonyesha chochote. Nachosema hakuna anayeweza kukuahidi kwamba lako litaonyesha.

Kingine, usivutwe sana na picha ya kisahani cha maabara yenye duara angavu kuzunguka kundi la bakteria. Naijua vizuri hiyo picha. Kisahani kinatiwa unga wa kalsiamu fosfeti, kinakuwa na ukungu kama maji ya chokaa, bakteria akitoa asidi unga unayeyuka na pale panakuwa angavu panaonekana upande wa pili. Inapendeza, ila ni kalsiamu fosfeti, na inapimwa kwenye sukari ya kutosha. Shamba lako fosfeti yake imeshikwa na chuma na aluminiamu na sukari hakuna. Aliyefaulu kwenye kisahani anaweza kushindwa kwako kabisa.

Kipimo ninachokiamini zaidi kwa hili ni kingine. Unachukua gramu moja ya udongo, unatia kimiminika kisicho na rangi ambacho kimeungana na fosfeti, unaacha saa moja kwenye nyuzi 37. Fosfatesi zilizomo zikikata ule muungano, ukitia kostiki soda mwishoni maji yanakuwa ya njano, na kadiri njano inavyokolea ndivyo kazi ilivyokuwa kubwa. Ukiweka chupa mbili mezani, udongo wa shamba linalowekwa samadi mara kwa mara na udongo wa shamba linaloondolewa mabua kila mwaka, kwa kawaida ya samadi ndo inakolea, na hakuna aliyewamwagia bakteria wa dukani. Wenyeji walipewa chakula wakaongezeka. Vimeng'enya vyao vingine vinanata kwenye chembe za mfinyanzi na kuendelea kufanya kazi hata aliyevitoa akiwa ameshakufa.

Kwa hiyo mimi hela yako ningeipanga hivi. Kwanza kabisa pima udongo, hasa pH, yaani kipimo cha asidi. Ikiwa chini ya 5.5 basi chokaa ya kilimo inaweza kukusaidia kuliko chupa yoyote maana inapunguza ile aluminiamu inayoshika fosfeti na kuumiza mizizi, ila iweke mapema wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganye vizuri na udongo, na usiichanganye na DAP mkononi kwa sababu naitrojeni itapaa hewani kama amonia. Kiasi gani, usikisie, kipimo ndo kitasema. DAP endelea nayo ila iweke kwenye shimo, pembeni kidogo na chini ya mbegu, ifukiwe, usirushe juu, kwa sababu ukirusha unakipa kila chembe cha udongo mwekundu nafasi ya kuikamata. Hela ikibana kuna mbolea za Minjingu, zinatoka kwenye mwamba wa fosfeti karibu na ziwa Manyara, mwamba wenyewe unapenda udongo wenye asidi ndo unayeyuka, unaachia taratibu na unabaki kusaidia msimu unaofuata. Ila ukimwaga chokaa nyingi unapunguza kuyeyuka kwake, kwa hiyo hivyo viwili vipange na mtaalamu. Samadi na mboji weka kila utakapopata, na kama kuna tithonia, yale maua ya njano yanayojiotea pembezoni mwa barabara, kata majani yake mabichi ufukie, yanaoza haraka na yana naitrojeni na potasiamu nyingi na fosforasi kiasi. Hicho ndo chakula cha hao bakteria ulionao tayari.

Ila kabla ya yote hayo, ule uzambarau wenyewe nina wasiwasi nao kidogo. Njombe ni baridi. Mmea mdogo wa mahindi ukipigwa na baridi asubuhi mfululizo mizizi inalala, hainywi fosforasi hata kama ipo, majani yanageuka zambarau vile vile, halafu jua likishika na mmea ukikua unarudi kijani wenyewe. Kuna mbegu nyingine zina zambarau kwa asili yake. Na udongo ulioshindiliwa na ng'ombe nao unafanya hivo. Upungufu wa kweli unaanzia majani ya chini, mmea unadumaa, na uzambarau hauondoki hata kukipata joto. Wewe hujaniambia kama ulipotea au uliendelea, na kwa maandishi tu siwezi kukuhakikishia, hapa panahitaji mtu afike au udongo ufike maabara.

Nenda na sampuli kabla ya mvua za Novemba, Agosti au Septemba ni muda mzuri. Tembea shambani kwa zigizaga, chukua sehemu kama 15, sentimita 20 kwenda chini, kwepa paliporundikwa samadi au palipochomwa moto, changanya zote kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini. TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Uyole pale Mbeya na SUA (chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine) Morogoro wanapima udongo, na TARI Mlingano ya Tanga ndo kituo chenyewe cha udongo, ila muulize kwanza bwana shamba wako, siku hizi kuna halmashauri zinapima huko huko. Omba pH, fosforasi inayopatikana, na aluminiamu kama wanaipima. Kama mahindi yanadumaa kwa mabaka mabaka, au yana michirizi ya ajabu, au mizizi imevimba na kukatika, usisubiri maabara, mwite aje aone yakiwa bado shambani.

Na bidhaa hizi za bakteria waulize dukani namba ya usajili wa TFRA, mamlaka inayodhibiti mbolea, muuzaji asiyejua hiyo namba hana sababu ya kukuambia uache DAP. Zile za soya ni jambo jingine, bakteria wa vinundu kama ile Nitrosua iliyokuwa inatengenezwa SUA, hao wanaingia kwenye mzizi wenyewe na wanaleta naitrojeni, kazi yao inajulikana, usiwahukumu kwa sababu ya hawa.

Chupa uliyonayo usiitupe. Angalia tarehe, iweke mahali penye ubaridi na giza, isikae juani wala juu ya kabati jikoni. Siku ya kupanda chagua mistari minane sehemu moja yenye udongo unaofanana, yote uweke samadi na nusu ya DAP yako ya kawaida, DAP ifukiwe mbali kidogo na mbegu. Mistari minne mbegu zipake bakteria kivulini uzifukie hapo hapo, minne usipake, ila ipishanishe, mmoja wenye bakteria mmoja hauna, na weka alama za vijiti. Shamba lingine lote lipe DAP kamili kama kawaida. Ukivuna pima kila mstari peke yake, halafu niandikie na majibu ya pH nijue tunaanzia wapi na chokaa.